Batri ya pili nani atalipa?

Wandugu wafanyakazi, ba mama na ba papa wa makambi na wa vijiji, leo hatuji kusema juu ya mshahara. Juu ya mshahara tutarudia, msiogope. Leo tunasema juu ya zile pano za jua zinazopandwa katika vijiji vyetu karibu kila mara kampuni inapofungua kariere mpya, na juu ya swali moja ambalo sisi wa sindika tumeuliza katika mikutano mingi bila kupata jibu. Batri ya kwanza ikikufa, ya pili nani atalipa?

Mnajua tunachosema. Kuko vijiji ambamo nguzo za taa za jua zimesimama mstari moja kama waskari. Mchana pano zinametameta, ukipita na gari utasema, kumbe hapa watu wamepata maendeleo. Ngoja jua lishuke. Taa moja inawaka, tatu hazina kitu, moja inawaka dakika kumi kisha inasinzia. Saa mbili ya usiku watoto wanarudi kusoma kwa tochi ya simu ya baba, na simu yenyewe imebakiza kijistari kimoja.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba hatupingi jua. Anayepinga jua hapa kwetu atungoje nini? Laini ya Inga mpaka Kolwezi, kilometa karibu 1.700, ilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 80, na ilijengwa ju ya migodi. Vijana wengi hawajui ju ya nini vijiji vilivyo chini ya zile nyaya havikupata hata balbu moja. Sababu si roho mbaya peke yake. Umeme wa laini ile ni wa mkondo mmoja, courant continu. Unaingia Inga, unatoka Kolwezi. Kuuchukua katikati ya njia kunaomba stesheni kubwa ya kuugeuza, na hakuna aliyekuwa tayari kujenga stesheni ya bei ile ju ya kijiji cha nyumba mia. Basi wazazi wetu walilima mihogo chini ya umeme mkubwa kupita yote katika inchi, na jioni wakawasha koroboi. Miaka zaidi ya 40 imepita. Mpaka leo, katika Kongo nzima, mtu karibu moja juu ya watano ndiye mwenye kuran, na vijijini ni karibu moja juu ya 100. Hata sisi wa mjini tunaohesabiwa kuwa na kuran tunajua delestaje ni nini.

Na jua linaweza, hii si ndoto. Manono, kule Tanganyika, mji wa bati na wa lityumu, uko na sentrali ya jua ya megawati 1 tangu mwaka 2018. Goma, kampuni ya Nuru iliwasha sentrali ya megawati 1,3 mwaka 2020, na watu wakalipa kwa mita, kila mtu kwa kadiri anavyotumia. Sheria ya umeme ya mwaka 2014 ilifungua mlango: SNEL haiko tena peke yake, wengine wanaweza kutoa umeme na kuuza. Kwa hiyo, mtu akituambia jua ni la kuchezea tu, hatumsikilizi.

Shida iko pahali pengine, na ba mama wanaisema vizuri kupita ma-injinieri. Katika kijiji kimoja ambacho madelege wetu walitembelea (jina la kijiji na jina la kampuni tunaziweka mfukoni, maana mazungumzo hayajaisha), mama mmoja aliwaambia: "Balileta, bakapiga foto, bakaenda. Sasa ile kitu iko inatuangalia tu." Pano kumi na mbili juu ya paa la kituo cha afya, zote nzima. Fundi wetu wa umeme alipanda na kipimo chake, akapima moja moja, zote zilikuwa zinatoa. Akashuka, akafungua sanduku la batri. Batri nane, na hakuna hata moja iliyofika volti 11. Mbili zilikuwa zimevimba kama matumbo ya mbuzi aliyekula mihogo mibichi.

Juma lile mama mmoja alikuwa amezalia pale kwa mwanga wa simu mbili, moja ya mkunga, nyingine ya shemeji yake. Mtoto ni mzima na mama ni mzima, tunashukuru. Mkunga alitueleza kwamba damu usiku ni nyeusi. Kwa mwanga wa simu huoni kama inasimama ao inaendelea, unaigusa kwa mkono ili ujue. Hatutaki kuongeza kitu juu ya ile.

Ila iko jambo moja lililotushangaza katika kile kituo. Friji ya chanjo ilikuwa inafanya kazi. Taa zimekufa, friji ni nzima, na vyote vililetwa siku moja. Namna gani? Muuguzi alitufafanulia: aina ile ya friji haina batri. Pano yake inaiendesha mchana na kugandisha barafu ndani ya kuta zake, na barafu ile inalinda chanjo usiku kucha, hata siku mbili tatu za mawingu. Hakuna batri, basi hakuna cha kufa haraka. Pale ndipo tulielewa kabisa kwamba jua si tatizo, pano si tatizo, na watu wa kijiji si tatizo.

Tuingie kidogo ndani ya hesabu, maana mchimbaji haogopi hesabu. Yeye anahesabu tani kila siku.

Pano nzuri inaishi miaka 20 mpaka 25. Batri ya risasi, ile nzito yenye maji ya asidi kama ya kamio, inaishi miaka miwili mpaka mitano, na joto la sanduku lisilo na hewa linaikatia miaka. Mashini inayogeuza umeme wa batri uwe umeme wa nyumba, nayo inaweza kuharibika mara mbili tatu kabla ya pano kuzeeka. Ni kusema mtu anayekupa pano na batri bila neno lingine amekupa gari lenye mafuta ya safari moja.

Chukua batri moja ya volti 12 na ampere-saa 100. Zidisha, unapata wati-saa 1.200. Lakini batri ya risasi haipendi kukaushwa. Ukitaka iishi, usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Sasa tuwashe nyumba. Taa nne za wati 5, masaa matano, ni 100. Simu sita za jirani, tuseme 60. Televizyo ya wati 40 kwa masaa manne ni 160. Redio ya mzee toka asubuhi, 30. Jumla 350. Tuko salama, na kwa siku moja ya mawingu ya mwezi wa kwanza bado tutaona uso wa mtu.

Kisha shemeji anakuja na konjelatere ya kuuza maji baridi. Konjelatere peke yake inaweza kula 1.000 kwa siku. Ao mtu anapiga pasi ya umeme ya wati 1.000 nusu saa kabla ya misa: 500, na inazivuta kwa nguvu moja kama trela inavyovuta kamba iliyochakaa. Ukiishusha batri mpaka chini kila usiku, ile ya miaka minne itakufa katika mwaka moja na nusu. Hakuna mchawi pale. Lakini nani alikuja kuwafundisha watu haya? Siku ya ufunguzi kulikuwa hotuba tano na soda. Hotuba hata moja haikusema neno "nusu".

Tukisema hivyo, watu wa ofisi wanatujibu haraka: "Munaona? Ni wao wenyewe wanaharibu." Hapana. Kampuni inapoleta mashini mpya kwenye kariere, haimpi kapita funguo na kumwambia "Mungu akusaidie". Inaleta mwenye kufundisha, inaleta kitabu cha matengenezo, inaweka vipuri katika depo, inaandika tarehe ya kubadilisha filta. Kamio ikisimama siku moja, simu zinalia mpaka Lubumbashi. Taa za kituo cha afya zikisimama mwaka mzima, hakuna simu inayolia, sababu hazimo katika kitabu cha mtu yeyote. Zilikabidhiwa. Kuko karatasi ya remise et reprise, shefu wa kijiji alitia saini, na tangu dakika ile ni mali ya kijiji. Mali ya kijiji maana yake ni kwamba ikikufa, ni maiti ya kijiji.

Tutoe pia neno juu ya maiti zenyewe, maana hapa ni mambo ya afya na sindika haiwezi kunyamaza. Asidi iliyo ndani ya batri ya risasi ni ileile asidi sulfuriki tunayotumia viwandani kutoa shaba na kobalti ndani ya mawe. Wanaofanya kazi kwenye matanki wanajua inavyokula boti na suruali, na ju ya hiyo tunadai miwani na glavu. Sasa katika vijiji, vijana wanavunja batri zilizokufa kwa nyundo ili kuuza risasi kwa wanunuzi wa vyuma vya zamani. Asidi wanaimwaga nyuma ya nyumba. Wengine wanayeyusha risasi kwa makala, watoto wakiwa wanacheza pembeni. Moshi wa risasi unaingia katika damu ya mtoto na kuharibu akili yake polepole, bila homa, bila kidonda, mpaka mwalimu anasema mtoto huyu hashiki masomo. Ikiwa kampuni imeleta batri nane kijijini, inajua njia ya kuzifikisha pale. Irudie njia ileile kuziondoa.

Hapa watu hupenda kusema maneno ya uchungu: sisi ndio tunachimba kobalti ya batri za dunia nzima, na hatuna batri ya kuangazia mtoto. Ni kweli kwamba Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, mbali sana zaidi ya nusu. Lakini tusidanganyane. Batri ya risasi haina kobalti. Na ile aina mpya ya lityumu na chuma ambayo inafaa kijiji kupita zote, ile inayoweza kuishi miaka kumi na haiogopi kushushwa, nayo haina kobalti hata gramu moja. Kwa hiyo tusidai batri ya kijiji eti ju ya kobalti yetu iko ndani yake. Tuidai ju ya sheria.

Na sheria iko. Code minier, ilipobadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, iliweka mambo matatu ambayo kila familia ya mchimbaji ingepaswa kuyajua kama inavyojua bei ya unga. Kwanza, kampuni inapaswa kufanya kaye ya mapatano na watu wanaoguswa na kazi yake, ndiyo cahier des charges. Mara nyingi ni ya miaka 5. Pili, kampuni inatoa angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa ajili ya kazi za maendeleo ya wale watu, na makuta ile inasimamiwa na chombo ambamo wajumbe wa vijiji wanakaa pamoja na kampuni. Tatu, katika redevance ambayo kampuni inalipa, 15% ni ya sekta, shefferi ao komine yenye mgodi ndani yake. Si zawadi. Tusiseme tena "kampuni imetusaidia". Mtu akikulipa deni, je, unampigia magoti?

Angalieni sasa vile miaka inaongea. Kaye ni ya miaka 5. Batri ya risasi inakufa katika mwaka wa tatu. Ni kusema batri ya pili inaangukia ndani ya kaye ileile, wakati kampuni bado iko, wakati 0,3% bado inatoka. Hakuna sababu yoyote ya kuiacha nje. Ila tukifungua zile kaye tulizoonyeshwa, tunasoma: "kituo cha afya, pano za jua, 1". Ama: "taa za barabarani, 40". Kitu na hesabu, basi. Mwenye kuandika vile amekwisha kazi yake siku anapopiga foto ya taa ya 40. Kama sisi tungekubali mkataba wa kazi unaosema "mshahara, 1", wake zetu wangetufukuza nyumbani.

Makampuni yenyewe hayanunui jua namna hiyo kwa mahitaji yao. Mwaka 2025, Kamoa-Kakula, kule karibu na Kolwezi, ilitangaza mkataba na kampuni nyingine ya kujenga pano na batri kubwa ili ipate megawati 30, usiku na mchana. Angalieni mkataba wa namna ile unavyofanya kazi. Mgodi haununui pano. Muuzaji anajenga, pano na batri ni mali yake, yeye ndiye anazitengeneza, na mgodi unalipa umeme unaofika. Umeme usipofika, hakuna malipo. Batri ikikufa ni kichwa cha muuzaji kinachouma. Hatulaumu mkataba ule, tunausifu. Wenye akili wameona kwamba mwenye kuuza anapaswa kubaki na mzigo wa kutengeneza. Tunauliza tu: akili hiyo kwa nini inaishia kwenye uzio wa kampuni?

Basi katika kaye mpya tusiombe tena pano. Tuombe masaa. Tuandike: kituo cha afya kitakuwa na mwangaza toka saa kumi na mbili ya jioni mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi, kila siku, miaka 10. Masomo yatakuwa na mwangaza masaa matatu kila jioni. Nani analeta, kwa pano gani, kwa batri gani, wajipange wenyewe, lakini makuta yatoke kidogo kidogo, kila miezi mitatu, kufuatana na masaa yaliyowaka kweli, na sehemu ibaki mikononi mpaka mwisho. Mkunga ndiye atie saini kwamba taa ziliwaka, yeye anayekuwa pale saa nane ya usiku. Asitie saini mtu anayelala mjini. Utaona yule mwenye kuleta batri za bei ya chini atakavyobadilisha mawazo yake kabla ya kupakia kamio.

Kwa nini miaka 10 ikiwa kaye ni ya 5? Sababu mgodi utakwisha na kijiji hakitakwisha. Kampuni iweke pembeni, tangu mwaka wa kwanza, makuta ya batri ya pili na ya tatu, katika konti isiyoguswa kwa kazi nyingine, hata kwa mapokezi ya waziri.

Sasa tunakuja kwenye jambo ambalo wandugu wengine wa sindika hawalipendi, na tumebishana juu yake mpaka usiku. Nyumba za watu zilipe kidogo? Kituo cha afya na masomo, hapana, pale kampuni na serikali walipe. Lakini pale ambapo umeme unaingia katika nyumba, sisi tunasema ndiyo. Wanaopinga wanasema maskini hawezi kulipa. Tunajua umaskini, hatukuusoma katika kitabu. Lakini maskini analipa tayari, na anaibiwa. Simu moja, kuisharji mara mbili kwa juma kwa 500 franka, ni 4.000 kwa mwezi. Ongeza buji. Ongeza mawe ya tochi, ambayo kisha siku tano yako chini ya mwembe yanatoa maji. Tuseme, kama mfano, familia 80 zinatoa 3.000 kila mwezi. Ni 240.000. Katika miaka mitatu ni 8.640.000 franka. Haitoshi kununua batri zote za kijiji, hatudanganyi mtu. Inatosha kumlipa kijana anayeosha pano na kuangalia maji ya batri, inatosha kununua fyuzi na taa, na inatosha kuingia katika ofisi ya kampuni na kusema: sehemu yetu ni hii hapa, yenu iko wapi? Aliyeweka makuta yake anaulizia. Aliyepewa bure anaona haya kuuliza.

Ila makuta ya watu yalindwe. Tumeona kijiji kimoja ambamo kasha lilikaa kwa mtu moja, na mtu moja akawa na kilio cha ndugu, kisha harusi, kisha pikipiki. Ba mama wanajua kazi hii. Miaka yote wanaendesha likelemba na hatujasikia likelemba iliyonunua pikipiki ya mwenyekiti. Wapewe wao daftari. Hesabu isomwe mbele ya watu kila mwezi, pale kanisani ao kisimani, na jina la asiyelipa lisomwe pia, hata likiwa ni la shefu. Shefu mwenye konjelatere ndiye wa kwanza kulipa, tena alipe mara tatu.

Na kijana wa kutengeneza atoke wapi? Tunao. Kuko watoto wa wafanyakazi waliomaliza masomo ya umeme na wanauza krediti ya simu barabarani. INPP inafundisha kazi ya umeme. Kampuni iko na mafundi wake. Siku mbili kwa mwezi za fundi moja hazitasimamisha mgodi. Tunaomba tu wasichukue kijana mwenye haraka ya kwenda Lubumbashi. Kijana akijua kutengeneza pano, mji unamwita. Kwa hiyo wafundishwe watatu, na angalau moja awe mama mwenye nyumba na mashamba palepale. Yeye hatahama ju ya pikipiki.

Mzee anayepumzika kazi asifikiri mambo haya ni ya wengine. Wengi wetu, siku nyumba ya kampuni inapoombwa irudishwe, tunarudi kwenye kijiji cha bibi ao cha mama. Mapafu yamebeba vumbi la miaka 25, usiku tunaamka kukohoa, na dawa tunaitafuta kwa kupapasa. Kuko pia wale wachimbaji wa mkono, wandugu zetu bakrezeri, ambao hawana kampuni wala kaye, na wanaokaa katika vijiji hivyohivyo. Mwangaza ukija, haumuulizi mtu karatasi ya kazi.

Kaye nyingi zitafunguliwa tena, maana miaka 5 inapita mbio. Siku mtakapoitwa katika mkutano, msiende kusikiliza tu. Ombeni muone kaye ya zamani, ile yenye saini, na muisome pale mbele ya watu, kipande kwa kipande: kiliahidiwa nini, kipo nini, kinawaka nini. Ulizeni jina la mtu anayeitwa taa zikizimika, na namba yake ya simu, na mumuite palepale muone kama anajibu. Msikubali kufanya hesabu ya taa mchana. Waambieni wageni wabaki mpaka saa moja na nusu ya usiku.

Na kabla ya siku ile, fungueni masanduku. Andikeni juu ya kila batri, kwa rangi isiyofutika, mwezi na mwaka ilipoingia. Osheni pano kila juma wakati wa kiangazi, hasa zile zilizo karibu na barabara ya makamio, kwa maji na kitambaa, asubuhi kabla hazijapata moto. Msipandishe watoto juu ya paa. Batri iliyopumzika usiku kucha bila kitu kuivuta, ikionyesha volti 12,6 ao 12,7, bado ni nzima. Ikiwa chini ya 12, iandikeni katika daftari pamoja na tarehe. Delege wenu wa sindika anaweza kuja na kipimo siku yake ya kupumzika. Mwambieni mapema, ju ya wengine wako posti ya usiku, na mumuwekee kiti na maji ya kunywa, maana kupima batri moja moja kunachukua muda.